Jinsi ya kuchagua viatu vya nyasi bandia: mwongozo kwa wachezaji wa Malindi

Mchezaji aliyezoea kupiga mpira ufukweni maji yakipwa, au kwenye viwanja vya mchanga vya Muyeye na Maweni, akialikwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza hutafuta njumu zenye meno marefu ili asiteleze. Hapo ndipo mambo huharibika. Nyasi bandia zenyewe zina mshiko mkubwa, tena usiolegea: udongo hukatika jino likivutwa kwa nguvu, lakini majani ya plastiki hayakatiki. Jino refu likizama humo na mchezaji akageuka ghafla, mwili unazunguka huku unyayo umebaki ulipo, na mzigo wote unaishia kwenye kifundo cha mguu au goti. Kano ya mbele ya goti ikikatika, mara nyingi ni upasuaji na miezi tisa au zaidi nje ya uwanja.

Kwa hiyo kiatu kizuri cha nyasi bandia kinashika vya kutosha unapokimbia na kusimama, halafu kinaachia unapogeuka. Hatua zote zinazofuata zinatafuta kiatu cha namna hiyo. Rangi na jina la kampuni ni mambo ya mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Kagua kiwanja kwanza

Fika robo saa kabla ya wenzako ukiwa na kijiti chembamba (cha mishikaki kinatosha) na rula ya shule. Chomeka kijiti wima katikati ya majani mpaka kigote pagumu chini. Kishike kwa ukucha usawa wa ncha za majani, kichomoe, upime. Rudia sehemu tatu: kwenye kona, katikati ya uwanja, na mbele ya goli. Vipimo vitatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Ukipata milimita 20 hadi 25 na kilichojaa katikati ya majani ni mchanga mtupu, hiki ni kiwanja cha majani mafupi. Vingi vya aina hii hutumika pia kwa hoki na michezo mingine. Jino la njumu halina pa kuzama, kwa hiyo litasimama juu ya mchanga na wewe utakuwa unatembea juu ya meno. Ukipata milimita 40 hadi 60, chini mchanga na juu chembe nyeusi za mpira uliosagwa kutokana na matairi, basi ni kiwanja cha kizazi cha tatu, aina inayokubalika hata kwa mechi za mashindano. Kwenye kiwanja kizima cha aina hii, ncha za majani hubaki wazi juu ya chembe kwa kiasi cha milimita 10 hadi 20. Kuna na aina isiyojazwa kitu, majani mafupi mazito juu ya godoro jembamba. Hii huonekana zaidi kwenye viwanja vidogo vya watano kwa watano.

Usiishie hapo, maana kiwanja kinaweza kuwa cha kizazi cha tatu kwa jina tu. Bonyeza kidole gumba kwa nguvu. Chembe zikisogea na kuacha shimo dogo, kiwanja bado kiko hai. Kidole kikigonga pagumu, chembe zimeshikamana na kushindiliwa, na urefu wa majani hauna maana tena. Mbele ya goli na kwenye alama ya penalti huchakaa mwanzo, kwani ndipo watu wanapojazana.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo ya ng'ambo haina sababu ya kulitaja. Upepo wa kusi husukuma mchanga mwembamba kutoka ufukweni, na njia zetu nyingi za ndani ni za mchanga, hivyo kila mchezaji huingia na wa kwake kwenye soli. Usipofagiwa, mchanga huo hushuka kwenye majani, huziba nafasi baina ya chembe, na kiwanja kilichokuwa laini kinageuka kigumu. Ukiona kiwanja cha majani marefu kimeanza kuwa na rangi ya mchanga juu badala ya weusi wa chembe, kichukulie kama cha majani mafupi unapochagua viatu.

Angalia pia majani yamelala vipi. Yakilala upande mmoja na kung'aa, yatateleza usiku umande ukishuka, jambo wanalolijua vizuri wanaocheza baada ya tarawehe mwezi wa Ramadhani. Pitia na mishono pale mazulia yanapoungana, hasa chini ya mistari myeupe. Mshono ulioinuka hunasa meno ya aina yoyote. Mwambie mwenye kiwanja, na mpaka urekebishwe, usicheze upande ule.

Mwisho, uliza kanuni za mlangoni. Meno ya chuma hukatazwa karibu kila kiwanja cha nyasi bandia, na wengine hukataza njumu zote zenye meno marefu.

Hatua ya 2: Soma herufi, uchague soli

Watengenezaji wengi huandika herufi mbili kwenye kibandiko cha boksi, na mara nyingi kwenye kitambulisho kilichoshonwa chini ya ulimi wa kiatu. Herufi hizo ndizo zinazokuambia soli ni ya ardhi gani.

SG ni ya udongo laini uliolowa. Ina meno machache, mara nyingi sita, marefu, ya chuma, yanayofunguliwa kwa spana ndogo. Iache. Kwenye nyasi bandia inaharibu kiwanja, inaharibu miguu yako, na inaweza kumchana mwenzako.

FG ni ya uwanja wa nyasi za asili zilizo imara. Meno huwa 10 hadi 14 ya plastiki ngumu, ama ya mviringo ama ya bapa mfano wa vipande vya wembe. Hizi ndizo zilizojaa madukani, na ndizo watu wengi huishia kuvaa kwenye nyasi bandia. Meno yake machache hukusanya uzito wote mahali pachache, ndiyo maana baada ya nusu saa kwenye kiwanja kigumu unahisi kila jino chini ya unyayo. Ya bapa ndiyo mabaya zaidi, kwani ubapa wake huzuia mzunguko. Baadhi ya watengenezaji hukataa kukubadilishia njumu ya FG iliyokatika kama waliona imetumiwa kwenye nyasi bandia.

AG ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kiwanja cha kizazi cha tatu. Meno ni mafupi kuliko ya FG, ni mengi, mara nyingi 20 na ushei, ya mviringo, na mengi yake yana tundu katikati. Wingi unagawa uzito, ufupi unazuia kuzama sana, na umbo la mviringo linaruhusu mguu uzunguke.

TF ni raba zenye vijino vidogo vya mpira, makumi kwa makumi, vyenye urefu wa milimita tano hivi, vilivyotapakaa soli nzima. Juu ya soli hiyo huwa kuna tabaka la sponji linalopunguza kishindo. Hizi ni za majani mafupi, kiwanja kilichoshindiliwa, na viwanja vidogo vya watano.

IC au IN ni soli bapa ya sakafu ya ukumbi. Inavumilika kwenye zulia lisilojazwa kitu na lililo kavu. Likilowa, utacheza kwa kuteleza. MG ni jaribio la kukaa katikati ya FG na AG. Usiitegemee herufi, igeuze utazame: meno mengi mafupi ya mviringo yanafaa, meno machache marefu ni FG yenye jina jingine.

Sasa uamuzi wenyewe. Kama una pesa za jozi moja tu na unacheza viwanja vya kukodi hapa mjini, nunua TF. Zinafaa kiwanja cha majani mafupi, zinafaa kilichochakaa, zinavumilika kwenye cha majani marefu kikiwa kikavu, na unaweza kuzivaa hata kwenye kiwanja kigumu cha udongo. Anayecheza kiwanja kikubwa cha watu 11 chenye chembe zilizo hai, au ambaye timu yake husafiri kwenda kucheza kwenye viwanja kama Camp Toyoyo kule Nairobi, atafute AG, kwani mbio ndefu na mvua vinahitaji mshiko zaidi ya ule wa vijino. Kipa naye ni AG kwenye majani marefu, lakini mbele ya goli pakiwa pamekwisha kuwa kipara, TF humpa msimamo mzuri zaidi wakati wa kuruka.

Kuna watakaouliza: mbona wachezaji wa kulipwa huonekana na FG kwenye nyasi bandia? Wapo. Hao hupewa jozi mpya msimu mzima, hucheza kwenye viwanja vinavyosuguliwa na kuongezwa chembe mara kwa mara, na wana daktari pembeni. Ikiwa huna budi kuvaa FG ulizonazo, chagua za meno ya mviringo na usiingie nazo kwenye kiwanja kigumu.

Hatua ya 3: Pima mguu, usikisie saizi

Pima jioni, baada ya kutembea kutwa, kwani mguu huvimba kidogo, na mechi zenu nyingi ni baada ya alasiri. Vaa soksi utakazochezea. Weka karatasi sakafuni ikigusana na ukuta, simama wima kisigino kikigusa ukuta, uzito kwenye miguu yote miwili. Mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine si kidole gumba, ni cha pili. Ukipima ukiwa umekaa utapoteza milimita kadhaa, na hizo ndizo zitakazoondoka na ukucha wako. Pima miguu yote miwili, kisha ufuate mkubwa.

Kugeuza sentimita kuwa saizi za Ulaya zinazotumika madukani kwetu, ongeza 1.5 kwenye urefu wa mguu, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26 unakuwa 27.5, mara 1.5 ni 41.25, kwa hiyo anza kujaribu 41 na 41 na nusu. Mguu wa 27 unatoa 42.75, anza na 42 na nusu au 43. Ni mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa kila kampuni ina kalibu yake. Kibandiko kikiwa na kipimo cha sentimita, hicho ni cha kuaminika kuliko namba.

Upana ndio unaowashinda wengi wa huku. Aliyekulia kutembea peku na kucheza mchangani bila viatu huwa na mguu uliotanuka mbele, na njumu nyingi zimetengenezwa kwa mguu mwembamba. Kuongeza saizi mbili ili upate upana ni kosa: mguu utaenda mbele na nyuma ndani ya kiatu, na kwenye nyasi zinazoshika namna hii, kila breki itakuchubua. Tafuta aina iliyoandikwa kuwa ni pana, au ya ngozi halisi, kwani ngozi hutanuka kidogo kwa kuvaliwa. Plastiki na kitambaa cha kufumwa haviongezeki kwa kiasi cha kutegemea.

Watoto: acha nafasi ya sentimita moja mbele, basi. Mzazi anayenunua saizi mbili zaidi ili kiatu kidumu miaka miwili anamnunulia mtoto kujikwaa.

Hatua ya 4: Jaribu dukani

Vaa viatu vyote viwili, funga kamba kama unaingia uwanjani, usimame. Mbele ya kidole kirefu pabaki nusu sentimita. Inua kisigino: kiatu kisibaki nyuma. Tembea, ruka kidogo, kisha panda ngazi ya duka kama ipo. Hapo utajua kisigino kinateleza au la.

Vua, ukifanyie majaribio mawili kwa mkono. Kwanza kikunje: kipindike pale vidole vinapoanzia. Kikipindika katikati ya unyayo, soli ni dhaifu na itakatika hapo. Pili kisokote kwa mikono miwili. Kisizunguke kama kitambaa, lakini kisiwe kigumu kabisa pia. Ukishavirudisha miguuni, simama kwa mguu mmoja kwenye sakafu ngumu na uone kama unahisi ncha za meno kwenye unyayo. Kama unazihisi hapo dukani ukiwa umesimama tuli, kiwanjani itakuwa mateso.

Muuzaji akikwambia kitatanuka, muulize ni ngozi au plastiki.

Hatua ya 5: Mitumba na bidhaa bandia

Mitumba si vibaya. Njumu nzuri ya AG iliyovaliwa miezi miwili Ulaya hufika huku ikiwa na maisha mengi, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Ila ikague hivi:

- Bonyeza sponji ya soli kwa ukucha. Ikimomonyoka au kuacha shimo lisilorudi, imeoza kwa umri na unyevu. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa juu na kikapasuka siku ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya soli huoza hata zikiwa zimehifadhiwa bila kuvaliwa.
- Linganisha meno ya ndani na ya nje. Yakiwa yamelika upande mmoja, kiatu kimeshafuata mwendo wa mtu mwingine na kitakukunja kifundo.
- Vuta soli mbele, kwenye ncha, ambako gundi huachia mwanzo. Mng'ao wa gundi mpya pembeni maana yake imeshawahi kufunguka.
- Ingiza mkono ndani ya kisigino. Kitambaa kilichotoboka kitakuchubua, na fundi hawezi kukirudisha kikawa kama mwanzo.

Bidhaa bandia hujulikana kwa herufi zenyewe. Mara nyingi boksi linasema AG na soli ni ya FG, au herufi za boksi na za ulimi hazilingani. Yafuate yaliyo chini ya kiatu.

Hatua ya 6: Mechi za kwanza

Usikitoe kwenye boksi na kuingia nacho fainali. Kivae nyumbani nusu saa, siku mbili tatu, kisha mazoezi mepesi. Pa kwanza kuchubuka ni kisigino na ubavu wa kidole kidogo. Paka mafuta ya mgando hapo au weka plasta kabla hapajawa jeraha.

Ukifika kiwanjani, fanya jaribio la mzunguko. Simama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, ugeuke polepole robo mzunguko bila kuinua unyayo. Soli ikitoka kwa ulaini, sawa. Ikikwama na ukahisi goti linavutwa, kiatu hicho si cha kiwanja hicho, hata kama ni ghali. Kisha kimbia hatua tano na usimame ghafla. Ukiteleza zaidi ya nusu hatua, mshiko ni mdogo mno. Rudia majaribio yote mawili kiwanja kikilowa, maana majibu hubadilika.

Usivae njumu kutoka nyumbani. Lami, kabro na mawe ya matumbawe hula vijino vya TF na kuzipa ncha za AG makali. Panda tuktuk na ndara zako, ubadilishe uwanjani.

Hatua ya 7: Joto, chumvi na chembe nyeusi

Jua la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hufanya nyasi bandia ziwe moto kupita hewa kwa mbali. Juani zinaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi. Weka kiganja chini kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, subirini jua lishuke. Joto hilo hupita kwenye soli nyembamba na kulainisha gundi, na ni sababu mojawapo ya soli kuachia hapa Pwani. Kwa anayelazimika kucheza mchana, TF yenye sponji nene ina nafuu kuliko njumu ya soli nyembamba, na soksi nene kidogo husaidia. Kumwagia kiwanja maji hupoza kwa muda mfupi tu.

Baada ya kucheza, kung'uta chembe hapo hapo uwanjani, toa na soli ya ndani uikung'ute. Chembe ni za kiwanja, zikiondoka na viatu vya watu 20 kila jioni kiwanja kinakuwa kigumu, tena zikifika mitaroni huishia baharini. Nyumbani, tumia mswaki wa zamani na maji ya kawaida yenye sabuni kidogo. Usilowanishe kiatu kwenye ndoo usiku kucha. Kijaze magazeti, uyabadilishe yakilowa, na ukiache kivulini penye upepo. Kuanika juu ya bati kunakausha upesi na kunaua gundi upesi vilevile. Jozi iliyowahi kuingia maji ya bahari ioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kwani chumvi hukausha ngozi na kuozesha uzi.

Jozi mpya ya TF mpelekee fundi viatu ashone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni kabla haijaachia. Kushona soli safi ni kazi ya muda mfupi, ilhali iliyokwisha kufunguka na kuingia mchanga lazima isafishwe na kubandikwa upya, na mara nyingi haishiki tena. Kwa njumu ya AG mwambie asitoboe bamba la plastiki karibu na meno, litapasuka hapo. Abandike kwa gundi, aifunge kwa kamba ya mpira mpaka kesho yake.

Vijino vya TF vikifika nusu ya urefu wake chini ya kidole gumba, ndipo mahali pa kusukumia na kugeukia, jozi hiyo ibaki ya mazoezi ya kawaida. Kwa AG, jino moja tu likikatika upande wa mbele linatosha kuiondoa uwanjani, kwa sababu uzito huhamia kwa majirani zake na kiatu huanza kupinda kila unapogeuka upande ule.